Kwa nini "everyone has" halafu "their"? Umoja na wingi katika viwakilishi vya Kiingereza

Swali: Kwenye insha yangu niliandika "Everyone have brought their books." Msahihishaji alikata "have" akaweka "has", kisha akakata "their" akaweka "his or her". Mwenzangu anashikilia kwamba "their" haikuwa kosa. Kama "everyone" ni umoja, "their" ya wingi inaingiaje hapo? Na kuna njia ya kujua kiwakilishi kipi ni umoja na kipi ni wingi bila kukariri orodha ndefu?

Jibu: Kosa lilikuwa moja tu, nalo ni "have". Katika Kiingereza sanifu "everyone" huchukua kitenzi cha umoja, uwe unaongea au unaandika, uwe unafuata mtindo wa Uingereza au wa Marekani. "Their" ilikuwa sahihi. "His or her" nayo ni sahihi. Msahihishaji wako aliondoa kilicho sawa akaweka kingine kilicho sawa, jambo ambalo ni la mtindo anaoupenda yeye, wala si la sarufi.

Utata unatokana na mazoea ya Kiswahili. Kwetu kiambishi kimoja hubeba mzigo wote: ukisema "wamekuja", ile "wa-" inakipatanisha kitenzi na kiima, na papo hapo inafanya kazi ya kiwakilishi. Kwa hiyo tumezoea kwamba sentensi ikianza na umoja itaendelea na umoja hadi mwisho: kila mtu amekuja na kitabu chake. Kiingereza kimezigawa kazi hizo mbili. Kitenzi kinaangalia umbo la neno lililo mbele yake. Kiwakilishi kinachokuja baadaye kumrejelea mtu yule kinaangalia maana. "Everyone" kwa umbo ni umoja, ndiyo maana tunasema "has". Kwa maana ni kundi la watu ambao jinsia zao zimechanganyika au hazijulikani, ndiyo maana tunasema "their". Ukiwa na swali la umoja na wingi, basi, liulize mara mbili: kitenzi kinataka nini, na kiwakilishi cha kurejelea kinataka nini? Majibu yanaweza kutofautiana bila sentensi kuwa na kosa.

Ushahidi mzuri uko kwenye lile swali fupi linalobandikwa mwishoni mwa sentensi, kama "sivyo?" yetu. Kiingereza sanifu kinasema "Everyone is here, aren't they?" na "Nobody called, did they?" Hata anayechukia "their" katika insha yako hataandika "Everyone is here, isn't he?" Tazama kitenzi kinavyobadilika ndani ya sentensi moja: "is" kwa sababu ya "everyone", halafu "aren't" kwa sababu ya "they". Vitu visivyo watu havina tatizo hili, kwani "it" inatosha: "Everything is fine, isn't it?"

Sasa orodha. Huhitaji ndefu. Kila neno linaloishia na "-one", "-body" au "-thing" ni umoja kwa kitenzi: "someone knows", "anybody has", "nothing works". Ongeza "each", "either" na "neither". Upande wa pili, "both", "few", "many", "several" na "others" ni wingi siku zote. Katikati yapo maneno yanayofuata kile kinachozungumziwa: "all", "some", "most", "any", "more" na "none". "Some of the water is dirty", lakini "some of the bottles are dirty". "None" ndilo linalogombaniwa. Wapo wanaofundisha kwamba ni umoja pekee, kwa hoja kwamba asili yake ni "not one". Matumizi ya waandishi wazuri hayakuwahi kufuata hoja hiyo. "None of the books is here" na "None of the books are here" zote zinakubalika, ya kwanza ikiwa na sauti rasmi kidogo. Kwa kisichohesabika hakuna hiari: "None of the money is left."

Wanafunzi wengi wanaanguka kwenye maneno yanayofuata "of". "Each of the boys have" inaandikwa kwa sababu jicho limeona "boys", na "boys" ndiyo iliyokaa karibu na kitenzi. Funika kwa kidole kuanzia "of" hadi kabla ya kitenzi, kisha usome kilichobaki: "Each has." Mbinu hii inafanya kazi kwa "each", "either", "neither", "one" na "every one". Haifanyi kazi kwa "all", "some", "most" na "none", kwa kuwa hayo yanahitaji kuona kilichofunikwa. Pia kuna tofauti kati ya "a number of" na "the number of": "A number of students are waiting" ni wingi, maana yake wanafunzi kadhaa, "The number of students is small" ni umoja, maana yake idadi yenyewe.

"Each" ina tabia moja ambayo vitabu vingi vya shule huiruka. Ikitangulia kama kiima, kitenzi ni umoja: "Each of them has a key." Ikisogea nyuma ya kiima cha wingi, haiongozi tena kitenzi: "They each have a key." Ukiandika "They each has" umeipa "each" mamlaka isiyokuwa nayo hapo.

Kwa "either... or" na "neither... nor", kitenzi hufuata kilicho karibu nacho: "Neither the captain nor the players are ready", lakini "Neither the players nor the captain is ready." Sentensi ya pili ni sahihi ila inakwaruza sikio, na ukitaka kuongeza kiwakilishi utakwama: "his" au "their"? Weka wingi mwishoni, tatizo linakwisha.

Turudi kwa "they" ya mtu mmoja, kwa sababu hapo ndipo ubishi wako na msahihishaji ulipo. Si uvumbuzi wa juzi. Imo katika maandishi ya Kiingereza tangu karne ya 14, na Shakespeare na Jane Austen waliitumia. Kilichokuja baadaye ni katazo: walimu wa sarufi wa karne ya 18 na ya 19 walisisitiza kwamba mtu asiyejulikana jinsia aitwe "he". Bunge la Uingereza likaliingiza wazo kama hilo katika sheria mwaka 1850, likiagiza kwamba katika sheria zake maneno ya kiume yahesabiwe kuwajumuisha wanawake. Hali imegeuka tena. Mwongozo wa uandishi wa Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, unaotumiwa na vyuo vingi, uliikubali "they" ya umoja katika toleo lake la 7 la mwaka 2019. Mwaka huohuo kamusi ya Merriam-Webster ililiteua "they" kuwa neno la mwaka, kwa kiasi fulani kwa sababu wapo watu wasiojitambulisha kuwa wanaume wala wanawake wanaotaka waitwe hivyo. Anayekuambia leo kwamba "their" baada ya "everyone" ni kosa la sarufi anafundisha katazo ambalo miongozo mikubwa imeliacha.

Hata hivyo mtihani una mtahini, na mtahini unaweza kumkuta wa shule ya zamani. Sishauri ubishane naye kwa kalamu wakati una njia ya kumpita. Iliyo bora ni kuhamisha sentensi nzima kwenye wingi: "All the students have brought their books." Hapo hakuna wa kulalamika. Ya pili ni kukiondoa kiwakilishi: "Everyone has brought a book." Ya tatu ni "his or her", lakini itumie mara moja tu katika aya, ukiirudia mara tatu sentensi inakuwa kama fomu ya serikali. "His" peke yake kwa watu wa jinsia zote ibaki kwenye nyaraka za zamani. Na kama jinsia inajulikana, huna haja ya yote haya: "Each of the girls has brought her book."

Ukishaitumia "they" kwa mtu mmoja, kitenzi chake kinabaki cha wingi: "If a student is late, they have to wait outside." Usiandike "they has". Mfano wake ni "you": unamwambia mtu mmoja "you are", wala hakuna anayedai "you is".

"You" yenyewe inastahili aya yake, maana ndipo Kiingereza kilipopoteza kitu ambacho Kiswahili tunacho. Zamani mtu mmoja aliitwa "thou" akiwa kiima na "thee" akiwa mtendwa. Watu wengi waliitwa "ye" na "you". Maneno ya wingi yakaanza kutumika kwa mtu mmoja kama heshima, heshima ikazoeleka, na kufikia mwisho wa karne ya 17 "thou" ilikuwa imetoweka katika Kiingereza sanifu cha kila siku. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 bado inatofautisha. Katika Yohana 3:7 Yesu anamwambia Nikodemo "I said unto thee, Ye must be born again": nimekuambia wewe mmoja, ninyi nyote mnapaswa kuzaliwa upya. Biblia ya Kiswahili inaionyesha tofauti hiyohiyo kwa "nilikuambia" na "hamna budi". Katika tafsiri za Kiingereza cha leo "you" inatumika pande zote mbili, na tofauti haionekani isipokuwa mfasiri ameongeza maelezo.

Kwa matumizi ya sasa, "you" inafichua idadi mahali pamoja tu, kwenye umbo la "-self": "Help yourself" kwa mmoja, "Help yourselves" kwa wengi. Kwingineko, ukitaka kusema "ninyi" waziwazi, ongeza neno: "both of you", "all of you", "you two". "You guys" na "y'all" zinasikika sana katika mazungumzo, hasa Marekani, lakini usiziingize kwenye barua rasmi. "You was" haikubaliki katika Kiingereza sanifu, hata kwa mtu mmoja.

Hizo "-self" zenyewe zina umbo moja moja lililo sahihi, na mengi yanayosikika mitaani si sanifu: "himself", si "hisself", "themselves", si "theirselves" wala "themselfs". "Themself" ipo kwa "they" ya mtu mmoja na inazidi kukubalika, ila wahariri wengi bado wanapendelea "themselves". Muhimu zaidi kwa Mswahili ni kutenganisha "themselves" na "each other". Ya kwanza ni "-ji-" yetu, ya pili ni "-ana". "Walijilaumu" ni "They blamed themselves". "Walilaumiana" ni "They blamed each other". Ukizigeuza, umeandika jambo jingine kabisa. Na "each other" ikimiliki kitu, alama huwekwa kabla ya "s" siku zote: "each other's books".

Kosa jingine linatoka moja kwa moja kwenye "-ake" na "-ao". Katika Kiswahili kiambishi cha mwanzo cha kimilikishi kinafuata kinachomilikiwa: kitabu chake, vitabu vyake. Anayefikiri hivyo huona vitabu ni vingi, anaandika "Asha brought their books" akimaanisha vitabu vya Asha mwenyewe. Kiingereza hakijali vitabu ni vingapi. Kinamtazama mwenye mali pekee: Asha ni mmoja, ni mwanamke, kwa hiyo "her book" na "her books". Wakiwa wawili, "their book" hata kama kitabu ni kimoja. Kabla hujaandika kimilikishi, muulizie mwenye mali, usiulizie mali. Hapohapo hakikisha umechagua kati ya "his" na "her" kwa jinsia ya mwenye mali: "John and his sister", si "John and her sister". Kosa hili huwanasa hata wasemaji hodari, kwa kuwa "yake" haijawahi kutudai tuchague.

Upande wa "-ingine" mtego umegeuzwa. Sisi tunasema "wanafunzi wengine", kivumishi kikibeba wingi. Kiingereza hakitaki kivumishi kibebe wingi, kwa hiyo ni "other students". "Others" inasimama peke yake, bila nomino: "Some left, others stayed." "Others students" ni Kiswahili kilichovaa maneno ya Kiingereza. "Another" hufuatwa na kimoja, "the other" ni kile kilichobaki kati ya viwili, na "the others" ni vyote vilivyobaki.

Tufike kwenye sehemu ambayo naona haifundishwi vya kutosha: ngeli zinavyotudanganya kuhusu "it" na "they". Maji kwetu huchukua upatanisho wa "ya-", sawa na wingi wa jicho. Tunasema "maji haya yamechafuka", kisha mkono unaandika "These water are dirty, don't drink them." Kiingereza kinasema "This water is dirty, don't drink it." Ndivyo ilivyo kwa maziwa, mafuta, maisha ya mtu na mazingira: yote ni "it". "Nywele zake ni ndefu" inakuwa "Her hair is long, she washes it every day." Taarifa hizi ni "this information", samani hizi ni "this furniture", vifaa hivi vikiitwa "equipment" ni "this equipment", na mizigo yangu ikiitwa "luggage" ni "it", hata ikiwa mabegi kumi. "News" ina "s" mwishoni lakini ni umoja: "The news is good, I heard it this morning."

Kinyume chake kipo pia. Mkasi kwetu ni mmoja, uko mezani. Kwa Kiingereza: "Where are the scissors? They are on the table." Suruali hii ni "these trousers", na miwani yangu iliyovunjika ni "My glasses are broken. I dropped them." Ukitaka umoja, tumia "pair": "This pair of trousers is too long." Polisi nao, kama taasisi au kundi, ni wingi: "The police have arrived, they are outside."

Nomino za makundi, kama "team", "committee", "government" na "family", zina hiari ya kijiografia. Marekani hupendelea umoja: "The team has won its match." Uingereza huruhusu vyote viwili, wingi ukitumika pale wanapofikiriwa watu waliomo ndani: "The team have won their match." Kisichoruhusiwa na mhariri makini ni kuchanganya ndani ya sentensi moja, mfano "The team has won their match and they are", ingawa utaisikia kila siku kwenye matangazo ya mpira. Hapa ile ruhusa ya "everyone has... their" haikufai: ukichagua "has" kwa "team", endelea na "its".

Zingatia pia "who", isiyo na umoja wala wingi wake yenyewe, bali hukopa kwa nomino iliyo mbele yake. "She is one of the students who have passed": waliofaulu ni wengi, yeye mmojawapo. "She is the only one of the students who has passed": aliyefaulu ni yeye peke yake. Katika swali, "who" huanza na umoja hata kama unategemea wengi: "Who is coming tonight?"

Unapopitia ulichoandika, chora mshale kutoka kila "it", "they", "them" na "their" kurudi kwenye nomino inayorejelewa. Mshale usipopata pa kutua, au ukiweza kutua mahali pawili, sentensi inahitaji kurekebishwa. Hapa tunapaswa kuwa waangalifu kuliko wengine, kwa sababu ngeli zetu zinamaliza utata ambao Kiingereza hakiwezi kuumaliza. "Ondoa kifuniko kwenye sanduku, ukisafishe" na "Ondoa kifuniko kwenye sanduku, ulisafishe" ni maagizo mawili tofauti, na kila msikilizaji anajua kisafishwacho ni nini. "Take the lid off the box and clean it" haisemi. Dawa ya kwanza ni kurudia nomino: "and clean the lid". Kurudia nomino si uandishi mbaya katika Kiingereza, hasa kwenye maelekezo. Dawa ya pili ni kutumia umoja na wingi mahali pa ngeli, pale maana inaporuhusu: kama sanduku ni moja na vifuniko ni viwili, "Take the lids off the box and clean them" haina utata, kwa sababu "them" haiwezi kuwa sanduku.